Tone Moja Kila Jicho

Karakana ile ilishona sare za shule, na asubuhi, kabla mashine hazijawashwa, palikuwa na shughuli moja ambayo msimamizi alikwisha kuchoka kuigombeza. Wanawake kumi na mmoja waliegemea viti vyao, wakainua nyuso juu na kungoja kama vifaranga. Fundi wa vifungo alipita safu kwa safu, kichupa cheupe mkononi. Alivuta kope ya chini kwa kidole gumba, akadondosha tone moja kila jicho, halafu akampiga mtu kikofi cha shavu kumjulisha amemaliza. "Haya, mwingine!" Walimwita Daktari, naye jina hilo hakulikataa hata siku moja. Kusema kweli, alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake.

Kitambaa kipya kina vumbi lake. Halionekani, lakini sindano ikianza kupiga linaruka, linakaa kwenye kope, na macho yanaanza kuwasha. Ukiyafikicha ndiyo kwanza umeyachokoza. Msimu wa suruali nyeusi ulikuwa mbaya zaidi, uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi kutwa nzima, hata mtu akifumba macho anaona mishono. Dawa ya Daktari haikuwa na mzaha. Ikiingia asubuhi, kufika adhuhuri jicho limetulia na weupe wake umerudi. Nani angehoji kitu kinachofanya kazi namna hiyo?

Kichupa chenyewe alikipata kihalali. Binti yake wa pekee, akiwa na miaka kumi na miwili, alishikwa na mzio wa macho, akawa anafikicha mpaka kope zikamvimba. Mama alimpeleka kliniki, wakaandikiwa matone ya wiki mbili, kisha warudi waangaliwe. Siku ya tatu mtoto alikuwa mzima. Wiki mbili zikaisha, na mama akajiuliza atakwenda kupanga foleni tangu alfajiri ili aambiwe nini, kwamba mtoto amepona? Si anamwona mwenyewe? Hakurudi. Mwezi uliofuata muwasho ukaja tena, ndipo alipofanya jambo aliloliona la akili sana. Alichukua kasha tupu la dawa ile, akaenda nalo duka la dawa, akalionyesha. Muuzaji alilisoma, akageukia rafu, akampa jingine. Hakumuuliza swali hata moja.

Tangu siku hiyo kasha tupu halikutoka kwenye mkoba wake. Kichupa kikiisha, kasha linaonyeshwa, kipya kinatoka. Mtoto alitiwa tone lake kila asubuhi kabla ya kwenda shule, awe anawashwa asiwe anawashwa, maana mama alikuwa na msemo wake kwamba yeye hangoji moto uwake. Mafundi wenzake walipoanza kulalamika macho, akawaletea na wao, kwa moyo safi. Miaka saba ikapita hivyo.

Sasa, angekuwa mama mzembe, kisa hiki kingekuwa chepesi kukisimulia. Lakini kwa macho ya mwanawe mama huyu alikuwa mkali kama pilipili. Alimkataza kusoma akiwa amelala chali. Alimkataza kukaa karibu na televisheni, kuazimana wanja na wenzake, kufikicha macho kwa mikono michafu, kushona dirisha likiwa nyuma yake. Karoti zilikuwa haziishi mezani, hadi baba mtu akauliza kama wanafuga sungura. Simu ndiyo iliyokuwa adui mkubwa. Akimwona binti ameiinamia, mama aliacha kazi yoyote aliyokuwa nayo. Pale karakana nako aliwahubiria wenzake mpaka wakaikariri hotuba: simu, simu, simu, mtakuja kuniambia.

Binti alikuwa mpenda maneno, akianza kusema hamalizi, na baba yake alimpa jina la Chiriku. Alipofika miaka kumi na tisa alikuwa anajifunza ukataji palepale karakana, na hakuna alichokitaka duniani kuliko ile meza ya kukatia. Mkataji ndiye mwenye karakana. Fundi wa mashine akikosea anafumua, lakini mkataji akikosea hakuna wa kumsahihisha. Mkataji mzee alikuwa anastaafu mwisho wa mwezi, na kila mtu alijua meza itakuwa ya Chiriku. Yeye mwenyewe alikwisha kuipangia mahali pa chaki, mahali pa rula na mahali pa patani, zile karatasi za vipimo.

Dalili zilikuwapo. Alianza kujigonga bega kwenye mwimo wa mlango. Akimimina maji, nusu yanakwenda kikombeni na nusu mezani. Jirani alimpita ubavuni akamsalimu, hakuitika, na mtaa mzima ukaambiwa binti wa fundi vifungo ana maringo.

"Mama, huku pembeni naona kama kuna ukungu," alisema siku moja.

"Ukungu!" mama alidakia. "Ukungu wa simu huo. Umekalia kutazama kiganja chako mwaka mzima, ya pembeni utayaonea wapi?"

Akaichukua simu, akaifungia kabatini. Kisha, kwa kuwa hakutaka kufanya kazi nusu nusu, dawa nayo akaiongeza. Badala ya asubuhi tu, ikawa asubuhi na jioni. Chiriku alilala kitini, akainua uso bila kinyongo, maana mkono ule ulikuwa umemtia dawa tangu utotoni na haukuwahi kumuumiza.

Mambo yaliharibika siku ya Jumanne, kwenye meza ya kukatia. Zilikuwa sketi, tabaka sitini za kitambaa cha buluu zimepangwa, mstari wa chaki umepita juu, na mkataji mzee ameukandamiza mrundo kwa mkono wa kushoto ili usiteleze. Chiriku alisukuma mashine ya kukatia. Kwenye pindo la kiuno mstari ulikata kona, lakini yeye hakukata. Alikwenda moja kwa moja, macho wazi, kwa utulivu kabisa, kuuelekea mkono wa mzee. Mzee alipiga ukelele na kuuchomoa. Kisu kilikwisha kuondoka na ncha ya kidole, na tabaka sitini za sketi zilikuwa zimepasuka vibaya.

"Hukuuona mkono wangu?" mzee alimuuliza, kidole amekifunga kwa kipande cha bitana. Hakuwa amekasirika, ila alikuwa anataka kujua.

"Mkono ulikuwa wapi?" Chiriku alijibu, na watu wote wakatazamana.

Msimamizi hakumfukuza. Alisema aende kwanza akapimwe macho, ndipo wazungumze.

Kliniki waliipata foleni waliyoikimbia miaka saba nyuma. Daktari wa macho alikuwa mwanamke kijana, wa maneno machache. Alimpima Chiriku presha ya macho, akapima tena. Akamkalisha mbele ya chombo, kidevu juu ya kiegemeo chake, akamwambia atazame katikati na abonyeze kitufe kila akiona nuru. Mama aliketi nyuma akihesabu. Kitufe kilikuwa kinabonyezwa mara mojamoja, kwa vipindi virefu, na mwanzoni alidhani nuru zenyewe ni chache.

Karatasi ikatoka, ina duara mbili. Katikati ya kila duara palikuwa peupe, upana wa kifungo cha koti. Kuzunguka hapo palikuwa peusi tititi.

"Kuna dawa yoyote anayotumia?" daktari aliuliza.

Mama alifurahi kuulizwa. Alifungua mkoba, akatoa kichupa, akatoa na kasha lake. "Hii hapa. Mliniandikia nyinyi wenyewe."

Daktari alikisoma kichupa. Akakigeuza, akakisoma tena.

"Lini?"

"Alikuwa na miaka kumi na miwili."

"Na umeendelea kumtia mpaka leo?"

"Kila siku," mama alisema, na kwenye sauti yake bado mlikuwa na majivuno, maana akili ilikuwa haijamfikia. "Sijaruka hata moja. Hata akiwa na homa namtia."

Daktari alikiweka kichupa mezani taratibu. "Mama, hii inatuliza muwasho vizuri sana. Lakini ikitiwa muda mrefu inapandisha presha ndani ya jicho. Presha inakandamiza mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo, mshipa unakufa kidogokidogo. Haiumi. Inaanzia pembeni, mtu hajui. Ndiyo maana mliambiwa wiki mbili, halafu mrudi."

Neno lililomtoka mama lilikuwa la kijinga, na alijua ni la kijinga wakati linatoka. "Na simu?"

"Simu inachosha macho. Haifanyi hivi."

Ni Chiriku aliyeuliza la maana. "Kilichopotea kitarudi?"

"Hapana. Tutapigania kilichobaki. Nitakupa matone mengine ya kushusha presha, utayatia maisha yako yote."

"Na kazi yangu? Nakata nguo. Kwa mashine."

Daktari aliitazama mikono ya binti, vidole kumi vyote vipo. "Mashine yenye kisu, hapana, mdogo wangu. Pole sana."

Chiriku alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyeambiwa duka limefungwa. Daktari akamgeukia mama. "Kuna mwingine yeyote nyumbani anayetumia hii?"

"Nyumbani, hapana," mama alisema. Na kweli, nyumbani hakukuwa na mwingine. Wanawake kumi na mmoja walimjia akilini, kila mmoja na uso wake umeinuliwa, naye akafumba mdomo. Akatia kichupa na kasha mkobani kwa mazoea.

Walirudi kwa miguu. Chiriku alitembea upande wa ukuta, kiganja kinagusa gusa matofali. Mama alikuwa na mengi ya kusema, na katika yote hayo alichagua moja.

"Baba yako tusimwambie."

"Tusimwambie nini? Kwamba sioni?"

"Hilo atalijua. Habari ya dawa. Mwanangu, atanimaliza. Hatanielewa."

Ukuta ulikwisha, Chiriku akapapasa hewa. "Sawa," alisema.

Wakati wa chakula baba aliuliza daktari amesema nini. Mama alikuwa ameshika upawa. Chiriku akasema, "Ni simu, baba." Baba akashusha pumzi, akasukuma sahani, na mvua ya maneno ikamshukia binti: mama yako hakukwambia? Hakukwambia usiku na mchana? Umeona faida ya kutosikia? Chiriku aliinamisha kichwa, akaipokea yote. Mama alipakua. Aliweka chakula kwenye sahani ya mumewe, akaongeza, akaongeza tena, na hakusema kitu. Nasema hivi ili ieleweke: hakusema kitu. Alikuwa na nafasi kuanzia mwanzo wa chakula hadi mikono iliponawishwa.

Siku zilizofuata Chiriku alipewa kazi ya kukata nyuzi zinazoning'inia, kwenye kiti cha pembeni karibu na mlango. Meza ya kukatia alipewa mtu kutoka nje. Matone yake mapya alijitia mwenyewe. Mengine yalimwagika shavuni, akarudia. Mama alipojongea kusaidia, binti alimwambia, "Acha," kwa upole, na ule upole ndio uliomkata maini mama. Yule msichana mwenye maneno mengi akawa mtu wa ndiyo, hapana na sijui.

Na asubuhi nyuso kumi na moja ziliinuliwa kama kawaida.

"Dawa imekwisha," mama alisema siku ya kwanza. Siku ya pili alisema duka halina. Siku ya tatu wakaanza kumtania kwamba Daktari amekuwa mkono wa birika, siku ya nne utani ukawa manung'uniko. Yeye alijipa moyo: kichupa amekitupa chooni, dawa haipo, basi wamepona, ya nini kujidhalilisha? Watu wote tunajua kujidanganya, lakini yeye alijidanganya akiwa na kazi mbele yake, sindano inapanda na kushuka, na mwanawe amekaa hatua sita kutoka alipo, ameishika nguo karibu na pua.

Jumatatu fundi wa kola, shoga yake wa mashine ya jirani kwa miaka kumi na minne, aliingia amechangamka. Akatumbukiza mkono ndani ya pochi, akatoa kichupa cheupe.

"Mchoyo wewe, kumbe dawa imejaa tele madukani! Nilikuwa na lile kasha ulilonipa mwaka jana nikalitupe, sikulitupa. Nimelionyesha tu, nikapewa." Wenzake wakashangilia. Akamsogelea mama na kumnong'oneza kwa furaha, "Hata mwanangu nimemwanzishia Jumamosi, yule wa darasa la tano. Macho yalimwiva kama nyanya. Jana kaamka meupe pee!"

Mama alishika ukingo wa mashine.

"Usimtie tena," alisema.

"Eti?"

"Usimtie! Usimtie mtoto hiyo dawa. Na nyinyi nyote, msiitie." Sauti ilimpanda, na alipokwisha kuanza hakuweza kuirudisha. Alisema yote mbele ya mashine zilizozimwa: kliniki, wiki mbili, kasha tupu, presha, mshipa. Alisema, "Mwanangu nimempofusha mimi. Si simu. Mimi, kwa mkono huu."

Halafu fundi wa kola akamshika bega, na macho yake yalijaa huruma, huruma ya kweli kabisa.

"Shoga, usijitafutie mchawi. Mzazi akiumia husema lolote. Wewe si ndiye uliyetuambia miaka yote, simu, simu? Na mwanao mwenyewe kamwambia baba yake ni simu, mumeo kamwambia wangu."

"Sisi nasi mbona tunaona?" mshona mifuko alisema kutoka safu ya nyuma.

"Yeye naye alikuwa anaona!"

"Haya, haya, pumzika mama," wakamwambia, na fundi wa kola akaanza kufungua kichupa, kichwa amekiegemeza nyuma.

Mama alimgeukia binti yake. "Mwanangu. Waambie."

Mkasi wa Chiriku ulikata uzi, ukakata mwingine. "Niwaambie nini, mama? Si tulikubaliana ni simu?"

Mama alisimama palepale, na wote walimwona.

Chiriku alikunja sketi aliyokuwa nayo. "Mama mdogo," alimwita fundi wa kola, "huyo mtoto ana miaka mingapi?"

"Kumi na mmoja."

Akaweka mkasi chini. Alikuja kwa kufuata meza kwa mkono, akagonga stuli ambayo kila mtu aliiona, akaisogeza, akafika mbele ya fundi wa kola na kumkazia macho usoni.

"Inua mikono yako miwili, uiweke kando ya masikio yangu. Chezesha vidole. Umeinua?"

"Nimeinua."

"Unavichezesha?"

"Navichezesha, mwanangu."

"Sivioni. Sasa vilete mbele, polepole. Polepole." Vidole vilisogea, vikapita masikio, vikapita mashavu, vikakaribia kugusana mbele ya pua yake. "Hapo. Hapo ndipo ninapoanzia. Nakuona pua na mdomo. Wale wengine wote nawasikia tu." Alipapasa mkono wa yule mama mpaka akapata kichupa. "Simu sikutiwa jichoni. Nilitiwa hii, nikiwa mdogo kama wako. Na mimi nilikuwa naamka meupe."

Fundi wa kola alitoka bila kuvua aproni, bila kumuaga msimamizi, na wakasikia viatu vyake vikikimbia uani. Mshona mifuko alikuwa ameziba jicho moja kwa kiganja, anautazama mlango. Akaziba la pili, akautazama tena. Kisha na aliye jirani yake, na wa pembeni. Safu nzima ya wanawake, kila mmoja ameziba jicho lake.

Mama alimsogelea binti, akamshika mkono. "Ahsante, mwanangu. Ahsante. Mungu akubariki."

Chiriku aliutoa mkono wake. "Nimesema kwa ajili ya yule mtoto," alisema. "Wewe ningekufichia mpaka kufa. Mngoje baba jioni, umwambie mwenyewe."

Akarudi kwenye kiti chake kwa kufuata meza. Mama hakujitia dawa ile hata mara moja katika miaka yote saba, kwa kuwa macho yake hayakuwahi kuwasha. Alimwona binti yake vizuri sana kutoka pale aliposimama: mkono unakitafuta kiti, unakikosa, unakitafuta tena.